Binti mwizi na kifo cha mama yake: ubora na kasoro za riwaya ya "City of Saints & Thieves"

Mfanyakazi wa ndani, tena mkimbizi, akiuawa nyumbani kwa tajiri, nani atasimama kumdai muuaji? Hilo ndilo swali la riwaya ya vijana "City of Saints & Thieves", iliyoandikwa kwa Kiingereza na Mmarekani Natalie C. Anderson na kutoka mwaka 2017.

Tina na mama yake, Anju, walikimbia vita mashariki mwa Kongo wakaingia Kenya. Mama akapata kazi kwa Roland Greyhill, bwana mkubwa wa biashara ya madini. Siku moja akakutwa amepigwa risasi humo humo ndani ya nyumba. Tina hana shaka kuwa muuaji ni Greyhill. Akiwa na miaka 16, sasa ni mwizi katika genge la mjini, anarudi usiku katika nyumba ile kuiba siri za kompyuta. Anayemnasa ni Michael, mtoto wa tajiri, ambaye walicheza pamoja utotoni. Michael anaapa baba yake hakuua. Basi wanapatana kuutafuta ukweli, na njia inawarudisha Kongo.

Sura za wizi zina kasi. Unasoma huku umebana pumzi. Lakini nguvu kubwa zaidi iko Kongo. Pole pole Tina anagundua kwamba mama aliyemjua kwa ufagio na sufuria alikuwa na maisha mazima kabla ya kukimbia, na kwamba alinyamaza kwa sababu. Mwandishi aliwahi kufanya kazi na wakimbizi, na inaonekana: hawaoneshi kama watu wa kuhurumiwa tu. Wana hasira, utani na hila. Madini nayo si pambo la hadithi. Hata simu unayosomea makala hii huenda ina tantali, inayotoka katika koltani, na mashariki mwa Kongo ni moja ya sehemu zinakochimbwa madini hayo.

Kasoro zipo. Boyboy, rafiki wa Tina, anachekesha kweli, ila utundu wake wa kompyuta unafungua milango kirahisi mno. Mji wa Sangui ni wa kubuni, na msomaji anayeijua Kenya ataona umeokotezwa vipande huku na kule. Mapenzi ya Tina na Michael yangeweza kupunguzwa bila hadithi kudhurika. Kuelekea mwisho siri zinafichuka moja juu ya nyingine, mpaka nyingine zinapita kabla hazijauma.

Mzazi ajue pia kuwa kitabu kinazungumzia ubakaji na mauaji ya vita waziwazi, ingawa bila kuyafurahia. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 14 au hivi, ni vizuri mkubwa akisome kwanza.