Nani Mwenye Paa? Mabati, Wanawake na Hati ya Shamba

Historia ya Kenya imeandikwa kwa wingi kuhusu ardhi na kwa uchache mno kuhusu mapaa. Pengo hilo si dogo. Katika nyanda za juu za Kenya ya kati, shamba liliandikishwa kwa jina la mume, ilhali paa mara nyingi lilinunuliwa kwa jasho la mke. Mwenye nyumba anayeezua leo ili aezeke upya anagusa suala hilo, ajue asijue.

Tuanze na nyasi. Nyumba ya Wagikuyu ilikuwa ya mviringo, na Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, anaeleza kwamba ilipaswa kukamilika kwa siku moja: wanaume wakijenga na kuezeka, wanawake wakileta nyasi. Nyumba hiyo ilikuwa ya mke. Mume alikuwa na thingira yake. Kubadilisha paa hakukuhitaji fedha. Kulihitaji majirani, chakula, pombe, na mahali pa kukata nyasi. Moshi wa jikoni ulipenya juu taratibu, ukizikausha nyasi na kuwafukuza wadudu.

Utaratibu huo ulivunjwa kwa nguvu. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, huku nyingi za nyumba zao za awali zikibomolewa au kuteketezwa. Mwaka huohuo wa 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton, ulioharakisha kuunganishwa kwa vipande vya ardhi na kuandikishwa kwa umiliki wa mtu binafsi. Aliyeandikwa kwenye hati, kwa kawaida, alikuwa mwanamume. Mahali palipokuwa pa nyasi pakawa na ua, kisha pakapandwa kahawa. Mwanamke aliyerudi kutoka kijijini akakuta kwamba hata kuezeka sasa kunadai fedha.

Bati lililomsubiri halikuwa jipya. Henry Robinson Palmer alilisajili kama uvumbuzi wake mjini London mwaka 1829. Kwa miaka mingi lilikuwa paa la ofisi, duka na misheni. Lililogeuza mambo ni vikundi vya wanawake vya miaka ya 1960 na 1970, vilivyojulikana kama vikundi vya mabati. Wanachama walilima mashamba ya watu kwa ujira, wakacheza ngoma za kuwakaribisha waheshimiwa, wakachanga kila mwezi, kisha wakamwezekea mwenzao mmoja kwa zamu. Baadaye walinunua matangi ya maji, ng'ombe wa gredi, hata ardhi. Wanasiasa walipenda kuiita Harambee. Kwa maoni yangu, ilikuwa pia njia ya wanawake kujirudishia kwa ushirika kile walichokuwa wamenyang'anywa na serikali ya kikoloni.

Kazi yenyewe ilikuwa na gharama ambazo haziandikwi. Bati ni mstatili, halikubali nyumba ya mviringo. Aliyetaka kubadili paa alilazimika kubadili kuta pia, na pamoja nazo mpangilio mzima wa boma. Moshi ulikosa pa kutokea, jiko likahamishiwa nje. Mchana joto, usiku baridi, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Lakini kulikuwa na maji. Kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja; paa la mita 40 za mraba, mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 40,000, hata kama sehemu hupotea. Kwa mtu aliyekuwa akipandisha mlima akiwa na mtungi mgongoni, hiyo ndiyo hoja iliyoshinda zote.

Mapaa hayo sasa yana kutu, na watoto wa wale kina mama wanaita mafundi. Watarajie kwamba mbao zilizooza hazionekani mpaka bati litolewe, hivyo makadirio ya kwanza ya fundi ni nadra kuwa ya mwisho. Watarajie kwamba bati la zamani huondoka na matundu yake ya misumari. Na wasidanganywe na namba dukani: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28.

Lakini risiti itaandikwa jina la nani? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kwamba mwenzi aliyechangia kuboresha mali ya mwenzake hupata maslahi katika mali hiyo kulingana na mchango wake, na mchango si fedha pekee. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasisitiza kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja: kila upande uthibitishe ulichochangia. Kwa mwanamke aliyelipia paa kwa kibarua cha kahawa na zamu ya kikundi, ushahidi uko wapi? Si kwenye hati ya shamba. Uko kwenye daftari la mweka hazina, lenye jina, mwezi na idadi ya mabati. Wanafunzi wangu mtakaorejea nyumbani Desemba, waulizeni nyanya zenu daftari hilo liko wapi, mlipige picha kabla mchwa hawajalifikia.