Mwanga ndio unaokula chaji: saa ya mkononi na udongo wa Likasi

Katika maswali yanayofika redioni, moja limezidi tangu saa za kisasa, zile zinazoungana na simu, zianze kuuzwa sokoni kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kujaribu: kwa nini saa iliyojazwa chaji asubuhi inazimika kabla ya jua kushuka? Wanaouliza si vijana tu. Wamo akina mama waliotumiwa saa na watoto wao walio ng'ambo. Wamo pia jamaa waliohamia kwetu kutoka upande wa Mitwaba na Pweto, ambao hawana umeme nyumbani na hutoa franka kila wanapopeleka chombo kuchajiwa kwa jirani mwenye jenereta au paneli ya jua. Kwa hao, saa inayozimika mapema ni pesa ya unga inayopotea.

Nitatoa jibu la fundi mara moja, ili asiye na muda wa kusoma yote asikose: zima ule mpangilio unaoacha uso wa saa ukiwaka wakati wote, kisha punguza ukali wa mwanga. Tofauti utaiona siku hiyohiyo. Lakini swali lenyewe lina historia, na historia hiyo imepita hapa kwetu Likasi mara mbili.

Kwa mamia ya miaka saa haikujua shida ya chaji. Ilikuwa na springi, na mwenyewe aliizungusha kila asubuhi. Shida ilikuwa usiku. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari waliolala katika mahandaki walitaka kujua wakati gizani bila kuwasha kiberiti, maana kiberiti kilimwonyesha adui mahali pa kupiga. Ndipo viwanda vikaanza kupaka namba za saa rangi yenye radiamu. Radiamu hutoa mionzi yenyewe, mchana na usiku, haingoji kuchajiwa. Mionzi hiyo ikipiga unga wa zinki uliochanganywa ndani ya rangi, unga unang'aa. Ilionekana kuwa jambo la ajabu: mwanga wa bure, usio na betri.

Haukuwa wa bure. Huko New Jersey, Marekani, tangu 1917 wasichana waliajiriwa kupaka rangi hiyo, na wakafundishwa kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo yao. Radiamu ikaingia mifupani. Taya zikaoza, wengine wakafa wakiwa bado vijana. Wanawake watano walipeleka kampuni mahakamani mwaka 1927 na kulipwa fidia mwaka uliofuata. Hao wa kwanza walitumia radiamu ya Colorado, kwao Marekani. Lakini kufikia wakati wa kesi yao soko lilikuwa limekwisha kuhamia kwetu.

Mwaka 1915 Robert Sharp, mtafutaji wa madini kutoka Uingereza, aligundua urani pale Shinkolobwe, kilomita 20 hivi kutoka Likasi. Radiamu hupatikana ndani ya mawe ya urani. Union Minière ilianza kuchimba mwaka 1921, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikatoa radiamu ya kwanza kutokana na mawe hayo. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri mno, hata migodi ya Colorado ikashindwa kushindana nayo. Kwa miaka kumi hivi, mpaka Kanada ilipoingia sokoni katika miaka ya 1930, sehemu kubwa ya radiamu iliyouzwa duniani ilitoka katika shimo hilo letu. Mzungu aliyetazama saa yake usiku huko Brussels au Geneva huenda alisoma wakati kwa mwanga wa jiwe lililobebwa na mchimbaji wa hapa. Majina ya wasichana wa New Jersey yameandikwa katika vitabu. Ya wachimbaji wa Shinkolobwe hayamo.

Habari ya bomu la Hiroshima, lililotumia urani ya shimo hilohilo, wengi wetu tunaijua na siirudii hapa. Ila neno moja kwa wenye saa za babu ndani ya masanduku: kama namba zake zimepakwa rangi iliyogeuka kahawia na hazing'ai tena, usidhani sumu imekwisha. Kilichokufa ni ule unga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usifungue kioo chake, na usimpe mtoto achezee.

Saa ya betri ilikuja baadaye. Hamilton ya Marekani iliuza saa ya kwanza ya umeme mwaka 1957, na Seiko ya Japani ikatoa saa ya kwanza ya kwatzi Desemba 1969. Betri zake hazikuchajiwa, zilibadilishwa tu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka watu walipotaka tena mwanga. Mwaka 1972 Hamilton ilileta Pulsar, saa ya dhahabu yenye namba nyekundu za taa, kwa bei ya dola 2,100. Tajiri aliyeinunua alikuta uso mweusi mtupu. Ili aone wakati ilimbidi abonyeze kitufe, na namba ziliwaka kwa muda mfupi tu kisha zikazimika. Mafundi hawakuwa na njia nyingine: zingeachwa ziwake wakati wote, betri ingekwisha upesi mno. Mimi nikiulizwa historia ya betri ya saa nitaanzia hapo, maana saa unayovaa leo inafanya vilevile unapoinua mkono ili uso uwake.

Jibu la wakati ule lilikuwa kuacha mwanga kabisa. Namba nyeusi za LCD, ambazo haziwaki bali huzuia mwanga wa nje, zilishinda namba nyekundu. Casio F-91W ya mwaka 1989, ambayo walimu na madereva wengi wa hapa wameivaa, hukaa na betri moja miaka saba hivi. Ina kataa kadogo ubavuni, nako huwaka pale tu unapobonyeza.

Sasa turudi Likasi kwa mara ya pili. Viwanda vya Panda na Shituru vilijengwa kwa ajili ya shaba, lakini shaba ya Katanga huja pamoja na kobalti, na tangu miaka ya 1920 Union Minière iliuza vyote viwili. Kusafisha shaba kwa njia ya Shituru kunataka umeme mwingi, kwa hiyo mto Lufira ulizibwa, na mitambo ya Mwadingusha ikaanza kazi mwaka 1930, kisha ya Koni mwaka 1950. Mabwawa hayo yalijengwa kulisha viwanda. Nyumba zilikuja baadaye, na bado mitaa mingi inangoja.

Kobalti wakati huo ilikwenda katika vyuma vigumu, sumaku, rangi na injini za ndege. Mwaka 1980, kule Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba kobalti ikiunganishwa na lithiamu na oksijeni hufanya tabaka ambamo lithiamu huingia na kutoka kwa urahisi, nayo hubeba umeme mwingi katika nafasi ndogo. Wakati ule bei ya kobalti ilikuwa imepanda sana kwa sababu ya vita vya Kolwezi vya Mei 1978. Hata hivyo kazi iliendelea. Akira Yoshino wa Japani alitengeneza betri iliyo salama zaidi mwaka 1985, na Sony ikaanza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991. Wawili hao, pamoja na Stanley Whittingham, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Uuweke mwaka huo wa 1991 karibu na kalenda ya hapa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka. Mwaka 1991 uporaji ulioanzia Kinshasa ukafika mpaka miji ya Katanga, Likasi ikiwemo. Agosti 1992 Etienne Tshisekedi alichaguliwa waziri mkuu katika mkutano wa taifa, na baada ya hapo, gavana akiwa Kyungu wa Kumwanza, jamaa wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa majumbani. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière tangu miaka ya 1920. Maelfu walilala kando ya stesheni ya Likasi wakingoja treni ya kuwapeleka Mwene-Ditu, katika nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Watoto na wazee walikufa kwa maradhi pale stesheni na njiani. Gécamines ilikuwa imetoa zaidi ya tani 450,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1993 haikufikisha tani 50,000, na kobalti nayo ilianguka. Yaani dunia ilianza kuitaka kobalti kwa ajili ya betri wakati uleule mikono iliyojua kuitoa ilipokuwa imekaa juu ya mizigo kando ya reli. Naliandika hili kwa sababu baadhi ya jamaa hao wamerudi, na wanatusikiliza.

Kisha wakaja wachimbaji wa mikono. Katika miaka iliyozunguka 2000 maelfu walichimba hata Shinkolobwe, shimo la radiamu, safari hii wakitafuta kobalti. Serikali ilipafunga mwaka 2004. Julai ya mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu, na waliokuwa wakiishi pale wakaondolewa. Leo zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na betri ya saa moja ya mkononi ina kama gramu moja tu ya madini hayo.

Gramu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini saa yako inachoka. Betri ikiwa imejaa kabisa, lithiamu nyingi imetoka katika tabaka la kobalti, na tabaka lenyewe linakuwa kama nyumba iliyoondolewa nguzo. Likikaa hivyo kwenye joto, linaharibika polepole na halirudi. Kwa hiyo kuacha saa kwenye chaja usiku kucha si kosa kubwa kukiwa na baridi ya Juni. Kosa ni kuiacha juani Oktoba, juu ya paneli ileile inayoichaji, mpaka ikawa moto mkononi. Weka paneli juani na saa kivulini. Jaza hadi kwenye asilimia 80 au 90 ikiwa unaweza kuingoja, na usiiache ifike sifuri kila siku.

Hayo ni ya kulinda betri. Ya kuokoa chaji ya leo ni mengine, nayo karibu yote ni habari ya mwanga. Uso unaowaka kila ukitikisa mkono humaliza chaji ya mtu anayelima, anayefua au anayeendesha pikipiki, kwa sababu mkono wake hautulii: zima huko kuinua mkono, utumie kitufe kama wale matajiri wa 1972. Mgongoni mwa saa kuna taa za kijani zinazopima mapigo ya moyo. Zikipima bila kukoma zinakula usiku na mchana, kwa hiyo ziamuru zipime pale tu unapotaka, isipokuwa daktari amekuomba. Ujumbe wa makundi ya simu ni mwizi mkubwa. Jamaa walioenea kati ya Likasi, Lubumbashi na Mbuji-Mayi wana makundi yasiyolala, na kila salamu inawasha uso na kutikisa saa. Acha simu za watu na ujumbe wa wachache, mengine yabaki kwenye simu. GPS, washa ukiihitaji tu. Na ukiiacha simu nyumbani, saa itaendelea kuitafuta hewani. Zima Bluetooth mpaka urudi.

Ukitaka kujua kama ni mipangilio au ni betri, fanya jaribio hili: zima yote niliyoyataja, jaza saa, andika asilimia wakati wa kulala, uivue uiweke mezani, kisha tazama asubuhi. Ikiwa imepungua kidogo tu, betri ni nzima na mla chaji ni mojawapo ya yale uliyoyazima. Yawashe moja kwa siku mpaka umjue. Ikiwa imeshuka sana bila kufanya kazi yoyote, betri imezeeka, na kumlipa mtu akupangie mipangilio ni kutupa pesa. Muulize fundi kwanza bei ya betri mpya, kwa sababu katika saa nyingi za bei ndogo betri imegandishwa kwa gundi, na kazi ya kuifungua inaweza kuzidi thamani ya saa yenyewe.

Kioo kikianza kuinuka pembeni, betri imevimba. Usiichaji tena, usiitoboe wala kuitupa motoni. Itoe ndani ya nyumba mnamolala watu, na uiweke kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mpaka fundi aichukue.