Historia yetu kwa Kingereza: faida na hasara

Sisi walimu wa historia huku Katanga wanafunzi wanatupa ulizo moja kila mwaka: juu ya nini vitabu vikubwa vya inchi yetu viko kwa Kingereza, na sisi tunasoma kwa Kifaransa?

Tuanze na mtoto wa kwetu. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941. Alipokuwa Zaire aliandika kwa Kifaransa; L'Autre face du royaume ilitoka mwaka 1973. Kiisha kuhamia Marekani, akatoa The Invention of Africa mwaka 1988. Kingereza hakikuwa luga ya mama yake wala ya masomo yake, lakini kitabu kile ndicho kilimjulisha mahali pote. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka mwaka 2021 tu, miaka 33 nyuma. Mudimbe alikufa mwaka 2025.

Mwingine ni Johannes Fabian, Mjerumani, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970. Yeye pia alichagua Kingereza. Mwaka 1986 alitoa Language and Colonial Power, juu ya Kiswahili cha Kongo. Mwaka 1990 akatoa maandiko ya André Yav, yale ya mwaka 1965, yanayoeleza historia ya Elisabethville kwa macho ya maboyi wa wazungu. Hapo alifanya vizuri: alitia Kiswahili chenyewe pamoja na tafsiri. Hivi mzee asiyejua Kingereza anaweza kujisomea, kama tu kitabu kinamfikia.

Wenye elimu wasiozaliwa na Kingereza hawana wazo moja. Wamoja wanasema: ni mlango, bila yeye hakuna atakayetusikia. Wengine wanasema: ni mzigo, unahangaika na luga mbele ya kuhangaika na mambo yenyewe, na mwisho wa kwenu hawakusomi. Sisi tunaona wote wana haki. Na tusidanganyane: Kifaransa nacho kilikuja na wazungu.

Kwa hiyo ubaya si kuandika kwa Kingereza. Ubaya ni kutorudisha. Mtu akichukua maneno ya wazee wetu, arudishe kitabu katika luga wanayoisikia. Na sisi tusingoje. Yav hakungoja Kingereza wala Kifaransa. Aliandika kwa Kiswahili cha Katanga, na leo wanaelimu wa ng'ambo wanamsoma. Wazee wangali hai: tuwaulize, tuandike.