Alfajiri Mwezi Ulipopatwa

Misiba ya kwetu Nyamuswa husimuliwa kwa saa. Ukikaa kwenye matanga, hakuna anayeanza na sababu ya kifo. Wanaanza na nani alibisha hodi, jogoo alikuwa amewika au bado, nani alikuwa ametoka kuchota maji. Mkasa ninaousimulia ulitokea mbali mno, na waliopatwa nao hawakuupa jina zaidi ya kuuita Uvamizi. Lakini nami nimeushika kwa saa, pengine kwa sababu uliingia katika miji inayofanana na wa babu yangu: baba mmoja, mama watatu, majiko matatu, na watoto wanaokula kwenye moshi uliotangulia kufuka.

Saa kumi alfajiri, Jumapili, tarehe 26 Julai 1953. Huku kwetu ilikuwa karibu saa nane mchana. Kule Short Creek, kijiji kilicholala juu ya mpaka wa Arizona na Utah, Marekani, chini ya majabali mekundu, mwezi ulikuwa unapatwa. Askari zaidi ya mia moja wakaingia gizani na magari yao, na nyuma yao msururu wa waandishi wa habari, maana serikali ilitaka kazi yake ionekane. Kijiji kilikuwa na watu kama mia nne, wafuasi wa imani ya Kimormoni waliokataa kuacha mitala baada ya kanisa kubwa kuiacha mwaka 1890. Maandalizi yalikuwa ya siri. Kabla ya hapo walikuwa wamepita wapelelezi waliojifanya watu wa sinema wanaotafuta mandhari ya kupigia picha.

Siri yenyewe ilikwisha kuvuja. Vijana waliowekwa kulinda njia walilipua baruti kuwaamsha wenzao, na askari walipofika katikati ya kijiji hawakukuta mtu akikimbia. Walikuta watu wamekusanyika kwenye uwanja wa shule, bendera ya nchi yao iko juu, wanaimba. Watoto walikuwa pale pale, miguuni mwa mama zao. Mzee wao, Leroy Johnson, aliwaambia wakubwa wa msafara kwamba wamekwisha kukimbia vya kutosha na safari hii hawaendi popote.

Hapo kwenye uwanja huwa nasimama kidogo kila ninapousimulia mkasa huu. Umekuja na jeshi zima kuzima uasi, unapokewa na nyimbo. Unamshika nani kwanza?

Saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Kukapambazuka. Hati za kukamata zikasomwa, wanaume wakatengwa upande wao. Ni kazi ya makarani, na makarani wa nchi zote wanafanana, siirefushi.

Saa tatu asubuhi redio ikafunguliwa. Gavana wa Arizona, Howard Pyle, aliwatangazia wananchi kwamba jimbo limezima uasi ndani ya mipaka yake, na kwamba yote yamefanywa kwa ajili ya watoto 263. Toa 263 katika mia nne uone: kwa kila watu wazima wawili, watoto karibu wanne. Alisema wasichana wadogo wanaozwa kwa wanaume watu wazima, wala hawapewi nafasi ya kukataa. Hilo halikuwa uzushi. Ndilo neno moja katika hotuba ile lililostahili askari, na ndilo lililokuja kupotea kuliko yote.

Wanaume walipelekwa jela ya Kingman. Halafu saa zinakatika, zinakuja siku. Wanawake na watoto wakabaki kijijini chini ya ulinzi, kisha mabasi yakaja kuwapeleka Phoenix, kilomita zaidi ya mia sita, kama nusu ya njia ya Bunda hadi Dar es Salaam. Mama wengi walipanda na watoto wao kuliko kuwaachia wageni. Wakagawanywa katika nyumba za watu wa mjini, mama huyu hapa na wanawe, yule kule, na watoto waliozoea kulala kumi chumbani wakajikuta wawili kwenye kitanda cha mgeni.

Picha zilizotoka magazetini zilimgeukia Pyle. Watu walitarajia kuona waasi, wakaona mtoto anang'ang'ania gauni la mama yake. Mwaka 1954 akashindwa uchaguzi, na mwenyewe aliamini ni mabasi yale yaliyomwangusha. Wanasiasa waliomfuata wakajifunza somo, tena somo baya: wakaiacha jamii ile peke yake kwa karibu nusu karne, pamoja na wasichana wake. Katika ukimya huo ndimo alimokulia Warren Jeffs, aliyekuja kuwa mkuu wa kanisa lao, na aliyefungwa maisha huko Texas mwaka 2011 kwa kuwanajisi wasichana aliowaita wake zake, mmoja wa miaka 12. Texas nayo ilikuwa imekwisha kurudia kosa la Arizona: Aprili 2008 ilizoa watoto zaidi ya mia nne wa kanisa hilohilo kwa mkupuo, na Mei 29 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema hatari haikuthibitishwa kwa watoto wote wale, wengi warudishwe.

Ukiwa Nyamuswa huwezi kulisikia neno mitala ukashtuka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua, na hapo Butiama, Mwalimu Nyerere alizaliwa na mke wa tano wa Mtemi Burito, aliyekuwa na wake 22. Kinachotushtua ni umri. Sheria hiyohiyo iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, mpaka Mahakama Kuu ilipoikataa mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Ikifika Desemba, msimu wa kukeketa mabinti kabla ya kuozwa, kuna wasichana wanaotoroka usiku kwenda nyumba salama ya Butiama, mmoja mmoja, na kimfuko cha nguo. Hao hawasubiri msafara.

Nilimsimulia bibi mdogo haya yote akiwa anapepeta mtama uani. Alinisikiliza kwa muda mrefu bila kuinua macho.

"Wale wasichana waliokwisha kuozwa, nao walipandishwa mabasi?"

"Walipandishwa, bibi. Pamoja na wengine."

"Wakakaa huko muda gani?"

"Watoto kama mia na hamsini walikaa zaidi ya miaka miwili."

"Na wanaume?"

Nikamwambia walikiri kosa kabla mwaka haujaisha, wakapewa kifungo cha nje.

Ungo ukasimama. "Kwa hiyo watoto wanarudi, wanawakuta wenyewe wamekaa nyumbani."

"Wamekaa nyumbani, bibi."

Akapuliza makapi, akaendelea kupepeta.