Bukavu: Namna takataka za plastiki zinakata umeme, na njia za kuzipunguza

Umeme ukikatika Bukavu, sababu moja inaweza kuwa chupa ya maji yenye mtu alitupa ku kanivo.

Chupa inapita wapi?
Mji umejengwa juu ya vilima vyenye kushuka hadi Ziwa Kivu. Mvua ikinyesha, kanivo na mito midogo kama Kawa vinasomba takataka mpaka ziwani. Ziwa lina mlango moja tu wa kutokea: mto Ruzizi, unaoanzia palepale Bukavu na kwenda Tanganyika. Kila chenye kuelea kinaishia kuelekea kule, na kule ndiko kuna baraji ya SNEL ya Ruzizi I. Iko na turbini 4, uwezo wake megawati 29,8.

Ku baraji
Mbele ya turbini kuna vyuma vya kuchuja maji. Chupa na sashe zikijaa hapo, maji hayapite vizuri, na mashine inapunguza nguvu ao inasimamishwa. Wafanyakazi wanazitoa kwa mitumbwi. Zenye zimezama, wazamiaji ndio wanazifuata chini. Mvua ya kesho inaleta zingine.

Sheria inasema nini?
Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuishi mahali pasafi. Dekre ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Lakini ku soko sashe ingali inauzwa.

Njia zenye kusaidia
1. Kupunguza: kwenda soko na kitunga ao mfuko wa kitambaa.
2. Kutenganisha nyumbani: maganda na mabaki ya chakula yanakuwa mbolea, plastiki inabaki kavu, inaweza kuuzwa ao kutengenezwa upya, kwa mfano pave za kutandika njia.
3. Kukusanya: pubele ya avenyi haina faida kama hakuna mwenye kuimwaga. Wakaaji wapatane siku na mchango.
4. Kuzuia mapema: wavu ku midomo ya mito, wenye kusafishwa kila baada ya mvua.

Kuchoma plastiki si suluhisho: moshi wake ni sumu, zaidi kwa watoto.

Kati ya njia hizi, ile ya baraji ndiyo ya gharama kubwa zaidi, kwa sababu inakuja mwisho. Ile ya jikoni ni rahisi kuliko zote.