Chujio la mwanga

Chujio la chai hukamata majani kwa ukubwa wake. Chujio lililo katika baadhi ya miwani ya jua, inayofaa kwa mng'ao wa lami pale Mkomaindo, Masasi, halijali ukubwa: hupitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Nusu ya mwanga wa jua huishia hapo. Weka la pili, ulizungushe nyuzi 60, kilichopita kinabaki robo. Nyuzi 90, giza. Kanuni ni ya Mfaransa Étienne-Louis Malus, 1809. Sasa chomeka la tatu katikati, kwa nyuzi 45: mwanga unarudi! Chujio gani hilo? Kazi yake ningeiita mchujo, kama waitavyo watu wa mpira na uchaguzi, maana huteua, hata kugeuza walioteuliwa.