Mshumaa na Mwenge: Maneno ya Hotuba ya Mwaka 1959

Katika hotuba zote zilizotolewa nchini mwetu wakati wa kudai uhuru, iko moja ambayo maneno yake machache yamekaa vinywani mwa watu kuliko nyingine zote. Ndiyo ile aliyoitoa Mwalimu Julius Nyerere katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mjini Dar es Salaam, tarehe 22 Oktoba 1959. Watoto wa shule huyajua maneno yake kabla hawajamjua aliyeyasema. Hata hapa Mkuyuni, kando ya Ziwa, wakati Mwenge wa Uhuru unapopita katika mkoa wetu wa Mwanza, hata mzee asiyejua kusoma aweza kukutajia tumaini, upendo na heshima kwa mpangilio wake.

Lakini ni wachache wajuao ya kuwa maneno yale yalinenwa kwanza kwa Kiingereza, wala mwenge haukutajwa ndani yake. Kilichotajwa ni mshumaa. Basi yatufaa sisi walimu kuyachungua maneno haya: yalinenwa katika hali gani, yalitoka katika chemchemi gani, yaligeukaje yalipoingia katika Kiswahili, na yametuwekea deni gani.

I. Hali ya nchi wakati ule

Tanganyika haikuwa koloni kamili. Baada ya Vita Kuu ya kwanza iliwekwa chini ya Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na tangu mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Ndiyo sababu Nyerere aliweza kwenda New York mwezi Machi 1955, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini na kuitetea nchi yake. Kurudi kwake kulimletea uchaguzi mgumu: kazi ya ualimu au kazi ya siasa. Mwaka ule ule akaiacha shule ya Pugu.

Serikali ya wakati ule ilishika mpango wa usawa wa mataifa matatu. Tangu mwaka 1955 viti 30 vya wajumbe wasio wa serikali katika Baraza viligawanywa kumi kumi: kumi vya Waafrika, kumi vya Waasia, kumi vya Wazungu. Ukiutazama juu juu huo ni usawa; ukihesabu watu utaona vingine. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu. Mizani iliyowekwa jiwe upande mmoja na unyoya upande wa pili, kisha mtu akatangaza kwamba imelingana, hiyo si mizani.

Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila taifa. Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi waingie, nao wagombea wa TANU pamoja na Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo wakashinda. Kwa hiyo ile hotuba ya Oktoba 1959 haikutoka kwa mtu aliyesimama nje akipiga mlango. Ilitoka kwa mtu aliyekwisha kuingia ndani, mwenye wenzake wa rangi zote nyuma yake.

Sisi wa kando ya Ziwa tunayo sababu yetu ya kuyakumbuka mambo haya. Usukumani TANU ilizuiliwa kufungua matawi tangu mwaka 1954 hata 1958. Kule Geita, mwaka 1958, watu walikataa baraza la mataifa yaliyochanganywa, wakaandamana hata Mwanza. Neno dharau lililomo katika hotuba ile halikuwa geni masikioni mwa watu hawa.

II. Chemchemi za maneno yake

Maana ya kauli ile ni hii: sisi watu wa Tanganyika tungependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, uangaze ng'ambo ya mipaka yetu, ulete tumaini palipokuwa na kukata tamaa, upendo palipokuwa na chuki, na heshima palipokuwa na fedheha tu. Msomaji aliyezoea vitabu vya sala atatambua mara moja umbo lake. Limefuata sala mashuhuri ya kuomba amani, iitwayo sala ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambayo nayo huweka jema mahali pa baya, jozi baada ya jozi. Hapa pana jambo ambalo walimu wengi hawalijui: sala hiyo haikuandikwa na Fransisko mwenyewe. Ilionekana kwanza kwa Kifaransa mwaka 1912, katika gazeti dogo la dini mjini Paris, bila jina la mtungaji. Shule ya Pugu, alikofundisha Nyerere, nayo ilikuwa na jina la Mtakatifu Fransisko.

Chemchemi ya pili ni Injili. Katika Mathayo sura ya 5 twasoma habari za mji uliojengwa mlimani, na za taa isiyofunikwa bali huwekwa juu ya kinara. Nyerere amefanya Kilimanjaro kuwa kinara cha nchi nzima. Wala hakuuchagua mlima huo kwa urefu wake peke yake. Kilele chake, chenye meta 5,895, kilikuwa kimepewa jina la Kaisari wa Wajerumani na Hans Meyer mwaka 1889. Kuweka nuru ya watu wa Tanganyika mahali pale ni kulifuta jina la mtawala bila kulitaja.

Chemchemi ya tatu ni habari za dunia za mwaka ule. Mwezi Septemba 1959, majuma machache tu kabla ya hotuba, chombo cha Warusi kilifika mwezini, cha kwanza kilichotengenezwa na mikono ya watu. Nyerere aliendelea kusema kwamba sisi hatuwezi kurusha makombora kwenda mwezini kama nchi nyingine, lakini twaweza kuwarushia wanadamu wenzetu popote walipo makombora ya upendo na ya tumaini. Bila kuijua habari ile ya Septemba, mwanafunzi huona sehemu hii kuwa mzaha. Akiijua, ataona kwamba msemaji amechukua fahari ya mataifa makubwa, akaipima kwa kipimo kingine.

Miaka minne baadaye, tarehe 28 Agosti 1963, Martin Luther King alitoa hotuba yake mashuhuri mjini Washington, Marekani. Yeye naye alichota katika Maandiko, na mwishoni akataja milima ya nchi yake mmoja mmoja. Watu hao wawili walitumia silaha moja: walisema na wakubwa kwa maneno ambayo wakubwa wenyewe walikwisha kuyakiri kanisani.

III. Maneno yalivyogeuka katika Kiswahili

Mwenge. Neno mshumaa asili yake ni Kiarabu, nalo ni kitu cha nta, cha chumbani au cha altare. Pumzi moja yatosha kuuzima. Mwenge ni fungu la nyasi kavu au vijiti lililowashwa ili kumulika njia usiku. Mshumaa huwekwa, mwenge huchukuliwa. Kwa hiyo neno lilipobadilika, tendo nalo likabadilika: nuru iliyokusudiwa kukaa kileleni ilipata miguu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge juu ya Kibo, na kilele kikaitwa Uhuru; na tangu mwaka 1964 mwenge umekimbizwa nchini kote mkononi mwa vijana. Nadhani kwa mshumaa mbio hizo zisingewezekana. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba ng'ambo ya Ziwa letu, katika Buganda, neno hilo hilo mwenge ni pombe ya ndizi. Mwalimu mwenye mwanafunzi kutoka huko asishangae akisikia kicheko darasani.

Pa. Kiingereza kina neno moja tu la kuonyesha mahali katika jozi zile. Kiswahili kinachagua kati ya pa, ku na m. Katika kauli kama inavyokaririwa kwetu, mahali pote pametajwa kwa pa: pale, palipo, palipojaa. Nasi twajua kwamba ku ni huko kusikopimika, m ni ndani, lakini pa ni mahali hasa, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili hawezi kuiacha chuki ikaelea mbali. Analazimika kuuliza: ni pale wapi? Je, ni hapa?

Heshima na dharau. Hapa ndipo penye utajiri mkubwa. Neno la Kiingereza alilolitumia Nyerere lataja thamani aliyo nayo mtu ndani yake, hata kama hakuna aitambuaye. Karibu na neno hilo sisi tunalo utu. Lakini wafasiri hawakusema utu, walisema heshima, neno ambalo katika Kiarabu lilihusu haya na adabu, na kwa Waswahili limekuwa ni jambo la watu wawili: mmoja hutoa, mwingine hupokea. Mtu hawezi kujiheshimu peke yake nyikani hata heshima ikakamilika. Vivyo hivyo neno la pili. Kiingereza chataja hali ya yule aliyetwezwa, aliyeinamishwa kichwa. Dharau ya Kiswahili ni tendo la yule anayetweza. Tazama basi jinsi uzito ulivyohama: kwa Kiingereza twamwona aliyeumizwa, kwa Kiswahili twamwona pia aliyeumiza. Wako wasemao kwamba tafsiri imepunguza maana. Mimi naona imepoteza kitu na kupata kitu. Imepoteza ile thamani ya ndani isiyotegemea mtu mwingine. Imepata hukumu juu ya mwenye nguvu.

Tungependa na tumekwisha. Mwaka 1959 kitenzi kilikuwa cha kutamani: tungependa kuwasha. Leo kauli husikika kwa namna mbili. Wengine hukariri kwamba tunataka kuuwasha, wengine kwamba tumekwisha kuuwasha. Tofauti hii si ndogo. Tunataka ni ahadi, nayo ahadi humdai mwenye kuitoa. Tumekwisha ni taarifa ya kazi iliyomalizika. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi zote mbili, kisha awaulize ni ipi iliyo ya kweli.

IV. Deni lililobaki

Kwa upande wa majirani, ahadi ile ilitimizwa kwa gharama kubwa. FRELIMO ya Msumbiji iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa mjini humo tangu 1963 hata ilipomaliza kazi yake mwaka 1994, Afrika ya Kusini ilipopata haki ya kura kwa wote. Nuru kweli ilivuka mpaka.

Ndani ya mipaka, habari ni za mchanganyiko, nasi tusizifiche. Mwezi Oktoba 1961 wajumbe wengine walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa kabisa, akasema yu tayari kujiuzulu kuliko kuona watu wakibaguliwa kwa rangi. Hapo aliilinda hotuba yake dhidi ya wafuasi wake mwenyewe. Lakini mwaka 1962 ikapitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuhukumiwa mahakamani. Na katika mkoa wetu huu wa Mwanza na ule wa Shinyanga, mwaka 1976, watu waliokamatwa wakati wa kutafuta wauaji wa wazee walioshukiwa uchawi waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa walinzi wa sheria. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa sababu hiyo, ingawa mkono wake haukumgusa mtu.

Mambo haya mawili ya mwisho yafaa kufundishwa pamoja. Mateso yale yaonyesha kwamba dharau haina rangi, na kwamba yaweza kukaa pale pale ambapo mwenge hupita. Kujiuzulu kule kwaonyesha kwamba hotuba ile ilikuwa bado na nguvu ya kuwahukumu hata wakubwa. Hotuba isiyoweza kumshitaki aliyeitoa ni wimbo tu.

Basi ndugu zangu walimu, tunapofundisha habari hizi tusiridhike na kukariri. Nyerere mwenyewe alikuwa mfasiri, aliyemtia Shakespeare katika Kiswahili mara mbili. Alijua kwamba neno likivuka kutoka lugha hata lugha huacha kitu na kuchukua kitu. Tuwape wanafunzi jozi zile tatu, wazifasiri wenyewe katika lugha za nyumbani kwao, Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kihaya, kisha waeleze ni neno gani lililowashinda. Nina hakika wengi watashindwa na heshima. Waulizwe basi kwa nini. Na katika kujibu watajifunza zaidi juu ya nchi yao kuliko katika tarehe zote tunazowaandikia ubaoni.